Pua ya Hajati Kaltumi

Hajati Kaltumi alikuwa na pua isiyo na mpinzani Nateete yote, mpaka korona ilipomjia, ikamlaza wiki tatu, ikamwachia uhai wake na kuondoka na pua. Si pua yenyewe, jamani! Pua ipo pale pale, imenyooka, na kipini chake cha dhahabu. Kilichoondoka ni kunusa. Alipopata nguvu ya kusimama alikwenda jikoni, akakaanga kitunguu, akangoja harufu imjie. Akangoja, akangoja, kitunguu kikawa mkaa naye amesimama juu yake na mwiko mkononi.

Na huyu ni mpishi, si mtu wa kujipikia tu. Wanubi wa Nateete walikuwa hawaozeshi bila masufuria yake, na kila Ijumaa baada ya swala uani kwake palijaa watu wa kila namna, madereva, mafundi, wachuuzi waliotoka soko la Kikuubo na vumbi lao, wote wamekuja kwa pilau. Mpishi asiyenusa atamwambia nani? Hajati hakumwambia mtu. Alijifunza kazi upya kimya kimya. Kitunguu alikijua kwa rangi, iliki kwa mlio wake kwenye mafuta, nyama kwa kidole. Watu wakala, wakaramba vidole, wakarudi.

Waliojua walikuwa wawili. Mmoja ni mwanawe Jafar, dereva wa teksi ndogo, kijana wa miaka thelathini na tano aliyeishi mtaa wa pili na mkewe. Wa pili ni Awiti, Mjaluo wa Kisumu aliyepanga chumba cha nyuma, fundi wa maabara katika chuo kimoja mjini. Awiti aligundua kwa sababu ya chai. Siku moja Hajati alimmiminia kikombe cha chai ya maziwa yaliyochacha, yananuka hadi mlangoni, akamkabidhi kwa mikono miwili huku anatabasamu. Awiti alikiangalia kikombe, akamwangalia mwenye nyumba wake, akakiweka chini taratibu.

"Hajati," alisema, "tangu lini?"

Hajati akakaa kwenye kigoda. Hakuuliza tangu lini nini. "Mwaka wa pili sasa," alisema. "Usinitangaze, mwanangu."

Hakumtangaza. Lakini Jafar alikuwa na hofu nyingine, na hofu yake ilikuwa ya haki. Mkaa ulikuwa umemharibu mama yake kifua, kwa hiyo jiko lote lilikuwa la gesi, mitungi miwili mikubwa nyuma ya kiukuta cha matofali mle mle jikoni. Gesi ya kupikia hutiwa harufu mbaya makusudi ili mtu aikimbie. Mama yake hata angelala juu ya mtungi unaovuja angeota ndoto nzuri tu.

"Mama, mimi sina maneno mengi," Jafar alisema jioni moja Awiti akiwepo. "Siku moja utawasha kiberiti nyumba iruke. Nenda Bombo kwa Mubaraka, ukapumzike."

Mubaraka ni dada mkubwa wa Jafar, mwenye nyumba nzuri huko Bombo, na mkeka uani kwa ajili ya mama.

"Nikapumzike kwani nimechoka?" Hajati akajibu. "Nikakae kwenye mkeka nihesabu kuku wa Mubaraka? Banange, Jafar! Jiko hili ndilo mimi."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini Awiti aliona vidole vyake vimelishika vazi lake la gurbaba kama anayezuia kitu kisianguke. Ndipo Awiti akafungua mdomo. Alisema kwamba kazi yake huko chuoni ni kutengeneza vihisi vya gesi, kwamba anaweza kumtengenezea Hajati kimoja, na kwamba kitanusa badala yake. Jafar alifikiri sana. Halafu akakubali, na sharti juu.

"Sawa. Lakini siku hicho kidude kitanyamaza na gesi inatoka, jiko linafungwa siku hiyo hiyo. Mama, tumeelewana?"

"Tumeelewana," Hajati alisema.

Basi Awiti akaingia kazini. Kuna watu hudhani kihisi ni mashine kubwa. Wapi! Ni kigae cheupe kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kimepakwa unga wa oksidi ya bati, na chini yake waya wa kukipasha moto hadi digrii mia tatu. Kikishapata moto, unga unashika oksijeni ya hewani juu ya ngozi yake, na oksijeni hiyo inaubana umeme usipite vizuri. Gesi ikija inaimaliza ile oksijeni, umeme unaachiwa, namba zinapanda, king'ora kinalia. Ndiyo hadithi yote.

Shida ya bati tupu ni umbea. Kihisi cha kwanza alichokileta kilipiga kelele kwa kila kitu. Kitunguu kikiingia kwenye mafuta, kinalia. Siki ikimwagwa, kinalia. Hajati alikuwa na desturi ya kufukiza bakhuri jikoni kila anapomaliza kupika, ili mgeni asikaribishwe na harufu ya mafuta. Aliendelea nayo ingawa yeye hakuipata tena, akihesabu vipande kwa mkono, vitatu, vinatosha. Siku ya kwanza ya bakhuri kile kidude kililia mpaka jirani akaja na ndoo ya maji. Na gesi yenyewe, Awiti alipoijaribu, kiliichelewea nusu dakika nzima.

"Bambi, maskini," Hajati alisema. "Kina mdomo lakini hakina akili."

Akili yake ni metali nyingine. Awiti alilijua hilo, ndilo alilosomea: ukichanganya kwenye unga wa bati chembe chache za paladiamu, zile chembe zinaidaka gesi, zinaivunja vipande, zinaisukuma kwa oksijeni haraka. Kihisi kinakuwa chepesi, nacho kinaipokea gesi kwa nguvu kuliko moshi na mvuke. Awiti alikuwa na pupa, kama sisi sote tukiona dawa inafanya kazi. Akatia paladiamu nyingi, tano kwa mia, akakausha, akachoma kwenye tanuri, akangoja, akajaribu. Kihisi kikawa kivivu kuliko cha kwanza! Alikitazama kwenye darubini, akaona chembe zimeshikana madonge, na gesi inaungulia juu juu kabla haijafika kwenye bati.

Jioni hiyo alikula kwa Hajati bila raha.

"Umetia kiasi gani?" Hajati aliuliza.

"Tano kwa mia."

"Ni kitu kikali?"

"Kikali sana."

"Sasa mimi nikitia karafuu tano kwa mia kwenye pilau, nani atakula? Wewe msomi kweli?"

"Yawa, Hajati, niache," Awiti alisema, akacheka mwenyewe, na kesho yake akatia nusu kwa mia.

Hicho ndicho kilichofaa. Kitunguu kilikaangwa, kikakaa kimya. Bakhuri ikafuka, namba zikanung'unika kidogo lakini hazikufika pa kupiga kelele. Jafar akachukua kiberiti cha gesi, akabonyeza bila kuwasha, na kabla hajahesabu nne king'ora kilimtoa mbio. Mama yake alicheka hadi machozi. Awiti alikifunga chini kabisa, karibu na mitungi, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito na hukaa sakafuni, jambo ambalo Hajati hakulipenda hata kidogo.

"Mlinzi wangu mnamweka chini kama kandambili?"

"Ndiko gesi inakopita, Hajati. Mradi hii taa ya kijani inawaka, ujue yuko kazini."

Maneno hayo ya taa ya kijani Awiti alikuja kuyajutia sana.

Miezi miwili ilipita kwa amani. Kila mwanzo wa mwezi Awiti alijaribu kwa kiberiti, kidude kikalia, Hajati akasema alhamdulillahi. Alianza kukiita pua yangu. "Nenda kaniangalizie pua yangu kama imeamka," alikuwa akimwambia Awiti asubuhi. Jafar naye alipumua. Mwezi wa tatu alimletea mama yake zawadi, kopo la dawa ya kupuliza ambayo madereva hung'arishia dashibodi. Alijua mama yake hapendi kitu kisichong'aa. Chumba chake cha wageni kilikuwa na bakuli za rangi ukutani na zile sinia za kusukwa wanazoziita tabaga, safu kwa safu, na kila Alhamisi alipangusa kila kimoja kama kinakwenda harusini.

Sasa sikiliza Ijumaa ile.

Asubuhi, kama saa tatu, Awiti alikuwa anatoka kwenda kazini, mkoba begani. Alipita jikoni kuaga kama kawaida. Hajati alikuwa amekwisha kukata vitunguu bakuli zima, nyama iko kwenye sufuria, mchele umeoshwa. Alikuwa ameshika kijiti cha kiberiti.

Awiti alipoweka mguu ndani tu pua yake ilijaa ile harufu ya yai bovu.

"Hajati," alisema, na hakupandisha sauti, "usiwashe."

"Nini?"

"Weka kiberiti chini. Usiguse swichi. Njoo huku nje."

Hajati alimtazama, halafu akatazama chini, kwenye taa ya kijani. Ilikuwa inawaka, imetulia kabisa. "Mbona pua yangu iko macho?" alisema. Lakini alikuwa mtu mzima mwenye busara. Aliweka kiberiti kwenye sahani na kutoka. Awiti akaziba pumzi, akafunga valvu za mitungi yote miwili, akafungua dirisha na mlango wa nyuma, akamfuata uani. Walisimama pale robo saa nzima wakiwa wameshikana mikono, wala hakuna aliyekumbuka ni nani aliyemshika mwenzake kwanza.

Harufu ilipokwisha Awiti alirudi na povu la sabuni, akalipaka kwenye maungio ya mpira wa gesi, akafungua valvu kidogo. Povu likatoa mapovu madogo madogo. Kibano kilikuwa kimelegea. Alikikaza kwa bisibisi, akapaka tena, kimya. Hiyo ilikuwa kazi ya dakika mbili. Iliyomtoa jasho ni ya pili. Alikichukua kile kihisi, akakipeleka uani, akabonyeza kiberiti cha gesi bila kuwasha na kukisogeza hadi kikagusa kijumba chake. Akahesabu kumi. Akahesabu ishirini. Taa ya kijani iliendelea kumtazama kama haijamwona.

"Mayo," Awiti aliguna kwa Kijaluo.

Ile taa ilikuwa inasema umeme upo. Haikuwa inasema kitu kingine chochote, na Awiti ndiye aliyemwambia Hajati aiamini. Alikigeuza kidude mkononi, na hapo akahisi utelezi. Kijumba cha plastiki kilikuwa kinang'aa kuliko siku alipokileta. Hata wavu wa mbele, mahali hewa inapoingilia, ulikuwa na unyevu wa mafuta.

"Hajati, hiki umekipaka nini?"

Hajati akafurahi kuulizwa. Aliingia ndani akatoka na kopo la Jafar. "Nakipulizia kila Alhamisi, na vyombo vyote. Kiko chini pale, vumbi lote linakiangukia. Pua yangu hiyo! Nitaiacha chafu?"

Awiti alikaa kwenye ngazi. Aliona aibu, aibu ya kweli. Mlangoni kwa maabara yao kulikuwa na tangazo jekundu la kukataza dawa za kupuliza na mafuta ya nywele, na alipita chini yake kila siku ya kazi kwa miaka sita. Ndani ya dawa hizo mna silikoni. Silikoni ikifika kwenye kigae cha moto inageuka ngozi nyembamba ya kioo, inazifunika zile chembe za paladiamu moja moja, na gesi ikija haizifikii tena. Kihisi kinabaki na moto wake na taa yake, lakini kiziwi. Yote hayo aliyajua. Ila kule maabara vihisi havipendwi na mtu, havipangusiwi vumbi kama bakuli za wageni, na hakuwahi kufikiri kwamba kimoja kitakwenda kwenye nyumba ya kupendwa.

Alimweleza Hajati hivyo hivyo. Hajati alisikiliza, kopo mkononi, na uso wake ukashuka.

"Nimeiua mwenyewe," alisema. "Kwa mikono yangu."

Na hapo hapo gari la Jafar likasimama nje ya geti. Alikuja kila Ijumaa asubuhi kumsaidia mama yake, na pilau likiiva abebe sahani za wateja wa mbali. Hajati akamkamata Awiti mkono.

"Mwambie betri imekwisha," alinong'ona. "Awiti, mwanangu, mwambie betri. Atafunga jiko leo."

Awiti alimpenda mama huyu kuliko baadhi ya watu wa damu yake. Neno betri lilikuwa jepesi, lilikuwa limekwisha kufika ulimini. Lakini alikiona tena kile kijiti cha kiberiti, na vile vidole vilivyokishika, na akajua kwamba akidanganya leo, kihisi kijacho nacho kitakuwa uongo.

"Jafar," alisema alipoingia, "kidude kimenyamaza na gesi ilikuwa inatoka. Nimeikuta kwa pua yangu. Mama alikuwa anataka kuwasha."

Awiti akaendelea hadi mwisho, paladiamu, kioo, tangazo la mlangoni, taa ya kijani. "Kosa ni langu," alisema. "Sikumwambia kisipuliziwe. Na nilimdanganya kuhusu taa bila kujua."

Jafar alinyoosha mkono akalichukua kopo kutoka kwa mama yake. Aliligeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma, midomo ikichezacheza. Lile kopo alilichagua mwenyewe katika duka la Kikuubo, akakataa la harufu ya limau, akachukua la waridi, na waridi lenyewe mama yake asingelinusa. Awiti aliona jambo hilo likimfikia, akaona macho yake yakijaa.

"Mimi ndiye nimelileta," alisema.

"Mwanangu, hukujua," Hajati alisema. Halafu akajinyoosha, akafungua aproni, akaikunja mara mbili. "Lakini ahadi ni ahadi. Tulielewana. Mwambie Mubaraka atandike huo mkeka."

Aliisema bila kulia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kwenye meza vitunguu vilikuwa vimekaa katika bakuli lake, vimekatwa vyembamba sawasawa.

"Kingine kitachukua muda gani?" Jafar akamuuliza Awiti, bado anaangalia kopo.

"Ijumaa ijayo. Nitakiwekea kitambaa cha mkaa mbele kuzuia moshi na mivuke. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, lazima kipewe gesi ya kiberiti kidogo, kilie. Kisipolia, hakuna kupika. Taa tusiitazame tena. Na cha kupuliza, hata manukato, kisiingie jikoni."

"Ijumaa ijayo," Jafar alirudia. Alikwenda getini, akazima gari, akarudi na funguo mfukoni. Akachukua kigoda cha mama yake, akakiweka jikoni katikati ya mitungi na jiko, akakaa, magoti yakimfikia kidevuni.

"Unafanya nini?" Hajati aliuliza.

"Nanusa," Jafar alisema. "Wiki hii mimi ndiye kidude. Pika, Mama."

Hajati alisimama pale na aproni yake iliyokunjwa. Kisha akaikunjua. Jafar akavuta hewa mara tatu, akasema hakuna kitu, washa, naye akawasha. Mafuta yakapata moto, vitunguu vikaingia na kelele yao. Awiti alipaswa kuwa kazini tangu saa tatu na nusu, lakini alisimama mlangoni na mkoba wake.

"Gesi?" Hajati aliuliza.

"Hakuna. Vitunguu tu. Vinaanza kuwa vitamu." Jafar akavuta tena, safari hii kwa makini, kama mtu anayesoma barua. "Sasa vimefika, Mama. Ukingoja vitaungua."

Hajati aliangalia rangi. Vilikuwa vimefika kweli. Akatia vitunguu saumu, akatia iliki, karafuu, mdalasini, bizari. Mkono wake ulikwenda polepole. Alikuwa amempa mwanawe mgongo, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, sauti ambayo Awiti hakuwahi kuisikia kwake.

"Jafar. Bado inanukia kama zamani?"

Miaka miwili hakumuuliza mtu swali hilo. Angemuuliza nani, na amejificha? Jafar alifumba macho.

"Karafuu imetangulia," alisema. "Halafu iliki imekuja juu yake. Mdalasini uko nyuma, umekaa chini, kama ulivyokuwa nikitoka shule nikiwa pale kona kwa fundi viatu. Nilikuwa nakimbia kutoka pale. Inanukia vile vile, Mama. Vile vile kabisa."

Hajati Kaltumi aliweka mwiko juu ya sufuria, akaziba uso kwa gurbaba yake, akalia kwa sauti. Jafar akainuka kigodani. Mama yake akamnyooshea kidole bila kufunua uso.

"Kaa hapo hapo," alisema. "Niambie tena."